Shekhar Mehta: Bingwa wa Safari aliyejua kikomo cha injini

KATIKA historia ya mbio za magari Afrika Mashariki, ni madereva wachache ambao majina yao yamedumu vinywani mwa watu kama jina la marehemu Shekhar Mehta. Alishinda mbio za Safari Rally mara tano: mwaka 1973, kisha mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Hakuna dereva mwingine aliyezishinda mara tano katika miaka ambayo mbio hizo zimehesabiwa katika ubingwa wa dunia, na ushindi wa mara nne mfululizo haujarudiwa na mtu yeyote.

Wengi humkumbuka kwa miaka ile minne ya mfululizo. Lakini ushindi uliomjenga ni ule wa kwanza, wa Pasaka ya mwaka 1973. Aliupata akiwa mkimbizi aliyepoteza nyumbani miezi michache tu iliyotangulia, akiendesha gari aina ya Datsun 240Z lenye injini ya silinda sita zilizopangwa kwenye mstari mmoja. Tena aliupata kwa namna ambayo ni nadra sana michezoni: alilingana kabisa na mpinzani wake kwa adhabu, na ilibidi kanuni itafutwe ili mshindi ajulikane.

Maisha ya Mehta hayawezi kusimuliwa vyema bila kuisimulia injini hiyo. Vilevile, fundi anayetaka leo kuijenga upya injini ya silinda sita katika gari la zamani na kuiongezea nguvu ana mengi ya kujifunza kutokana na dereva huyu. Somo lake kubwa ni kwamba nguvu ni deni, na deni hulipwa barabarani.

Mtoto wa Uganda

Mehta alizaliwa tarehe 20 Juni 1945 nchini Uganda, katika familia tajiri ya Wahindi waliokuwa na mashamba makubwa. Uganda ya utoto wake ilikuwa chini ya utawala wa Mwingereza, na mbio za magari zilikuwa burudani ya watu wenye uwezo. Alianza kushindana akiwa na umri wa miaka 21, akiendesha gari aina ya BMW.

Wakati huo Safari ilikuwa tayari imejijengea sifa ya kutisha. Mbio hizo zilianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zikivuka Kenya, Uganda na Tanganyika katika barabara za udongo zilizotumiwa na kila mtu. Dereva hakushindana na wenzake tu. Alishindana pia na matope ya masika, vumbi jekundu, ng'ombe, malori na usingizi. Mwaka 1963 ni magari 7 tu yaliyofika mwisho, na mwaka 1968 idadi ikawa 7 tena.

Adhabu ilihesabiwa kwa dakika. Kila aliyechelewa kufika kituoni aliongezewa dakika alizochelewa, na mwenye adhabu ndogo kuliko wote ndiye aliyetangazwa mshindi. Kwa hiyo gari lenye kasi lililoharibika na kusimama saa mbili kando ya njia halikuwa na thamani mbele ya gari la mwendo wa wastani lililofika.

Katika mazingira hayo, injini ya silinda sita za mstari mmoja ilikuwa na historia yake hata kabla ya Mehta. Mwaka 1955 Vic Preston na D. P. Marwaha walishinda wakiwa na Ford Zephyr, gari lenye injini ya aina hiyo. Mwaka 1959 na 1960 Bill Fritschy na Jack Ellis walishinda kwa Mercedes-Benz 219, na mwaka 1961 John Manussis akashinda kwa Mercedes-Benz 220SE. Yote mawili yalikuwa ya silinda sita kwenye mstari mmoja. Baadaye zamu ikawa hasa ya magari madogo ya silinda nne, na kwa miaka tisa injini ile ndefu haikuonekana tena kileleni.

Injini iliyozaliwa kutoka kwa nyingine

Kampuni ya Nissan ya Japani, iliyokuwa ikiuza magari yake nje kwa jina la Datsun, ilishiriki Safari kwa mara ya kwanza mwaka 1963, na magari yake hayakufika mwisho. Haikukata tamaa. Ilirudi mwaka baada ya mwaka, ikijifunza ni bomba lipi hupasuka, ni springi ipi hukatika na ni wapi vumbi hupenya. Mwaka 1970 jitihada hizo zilizaa matunda pale Edgar Herrmann na mwelekezi wake Hans Schüller waliposhinda kwa Datsun 1600 SSS.

Gari hilo la 1970 lilikuwa na injini ya silinda nne iliyoitwa L16. Kila silinda ilikuwa na kipenyo cha milimita 83, na pistoni ilisafiri milimita 73.7, hivyo ujazo wa injini ukawa sentimita za ujazo 1,595. Waundaji wa Datsun 240Z walichukua vipimo hivyohivyo vya silinda na pistoni, wakaongeza silinda mbili. Ndivyo ilivyopatikana injini ya L24 yenye ujazo wa 2,393. Kwa maneno mengine, injini ya silinda sita iliyokuja Afrika Mashariki mwaka 1971 ilikuwa ndugu wa ile iliyokuwa imeshinda mwaka mmoja kabla.

Faida ya mpangilio wa silinda sita kwenye mstari mmoja ni utulivu. Pistoni hutembea kwa jozi: ya kwanza na ya sita hupanda na kushuka pamoja, vivyo hivyo ya pili na ya tano, na ya tatu na ya nne. Misukumo yao hufutana, na katika kila theluthi ya mzunguko wa kranki silinda moja huwaka. Matokeo yake ni injini inayozunguka laini, isiyolegeza nati wala kumchosha dereva kwa mtetemo. Katika safari ya siku kadhaa na maelfu ya kilomita, jambo hilo si dogo.

Hata hivyo, mpangilio huo una udhaifu wake. Kranki ya injini ya aina hii ni ndefu, na chuma kirefu kinachozungushwa kwa nguvu hujipinda na kujinyosha kama kamba inayosokotwa. Kasi ikipanda, mtetemo huo unaweza kuivunja kranki au kulegeza vifaa vilivyofungwa mbele yake. Ndiyo sababu L24 ilipewa beringi kuu saba za kuishika kranki, pamoja na puli maalumu mbele yenye mpira ndani ya kumeza mtetemo.

Udhaifu wa pili ni joto. Kichwa cha injini hiyo kilikuwa cha aluminiamu na bloki lake lilikuwa la chuma. Aluminiamu hutanuka zaidi ya chuma inapopata moto. Kichwa kinapokuwa kirefu kiasi hicho, gasketi iliyo katikati hupata taabu mara mbili, na injini ikichemka mara moja tu kichwa kinaweza kupinda.

Nguvu ziliongezwa vipi?

Gari la 240Z lililouzwa dukani lilikuwa na kabureta mbili, kila moja ikilisha silinda tatu, na nguvu zilizotangazwa na kiwanda zilikuwa takriban farasi 151. Magari ya kiwanda yaliyotengenezwa kwa ajili ya mashindano yalitoa zaidi ya farasi 200 kwa ujazo uleule. Nguvu hizo za ziada zilitoka wapi?

Kwanza ni pumzi. Injini ni kama mkimbiaji: haiwezi kutoa zaidi ya hewa inayovuta. Kabureta mbili ziliondolewa na mahali pake zikawekwa tatu aina ya Mikuni-Solex, kila moja ikiwa na koo mbili, hivyo kila silinda ikapata koo lake. Njia za kuingizia hewa na kutolea moshi zilichongwa na kulainishwa.

Pili ni kamshafti. Ile ya mashindano hufungua valvu kwa muda mrefu zaidi na kuziinua juu zaidi, ili silinda ijazwe vizuri injini inapozunguka kwa kasi kubwa. Springi za valvu nazo hulazimika kuwa kali zaidi, la sivyo valvu hazitafunga kwa wakati.

Tatu ni mgandamizo. Mchanganyiko wa hewa na petroli ukibanwa zaidi kabla ya kuwashwa, hutoa nguvu zaidi. Lakini mgandamizo mkubwa hudai petroli bora. Petroli ikiwa duni, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati wake, injini hugonga, na pistoni hutoboka.

Hapo ndipo hekima ya Safari ilipoanza. Mbio hizo zilipanda kutoka usawa wa bahari Mombasa hadi nyanda za juu zinazozidi mita 2,500. Kule juu hewa ni nyepesi, na kabureta iliyopimwa pwani huanza kumwaga petroli kupita kiasi. Vumbi nalo, likipenya kwenye chujio la hewa, hugeuka msasa unaokwangua ringi na kuta za silinda mpaka injini ianze kuvuta oili. Injini iliyokamuliwa hadi tone la mwisho isingeweza kuvumilia mambo hayo kwa siku kadhaa.

Ilibidi basi nguvu zipunguzwe kwa makusudi ili uhai upatikane. Mtindo huo wa kujizuia ulikuwa wa lazima kwa mafundi, na ulikuwa wa lazima pia kwa mguu wa kulia wa dereva.

Wa pili mwaka 1971

Datsun 240Z ziliingia Safari ya mwaka 1971 na kuitawala. Herrmann na Schüller walishinda tena. Nyuma yao, wakiwa na gari la aina hiyohiyo, walifika Shekhar Mehta na mwelekezi Mike Doughty. Mehta alikuwa na umri wa miaka 25 tu. Gari la Herrmann limehifadhiwa hadi leo na kampuni ya Nissan katika hazina yake ya magari ya kumbukumbu huko Zama, Japani.

Miezi michache kabla ya mbio hizo, tarehe 25 Januari 1971, Jenerali Idi Amin alikuwa ametwaa madaraka nchini Uganda. Mwaka uliofuata, mwezi wa Agosti 1972, alitangaza kwamba Waasia waliokuwa nchini humo wapewe siku 90 kuondoka. Makumi ya maelfu ya watu waliacha nyumba, maduka, viwanda na mashamba. Wengi walikwenda Uingereza, wengine India, Kanada na kwingineko.

Familia ya Mehta nayo ilikimbia. Shekhar aliingia Kenya, nchi aliyoifahamu vyema kwa sababu ya mbio, na hapo ndipo alipopafanya nyumbani. Mtu aliyezaliwa katika utajiri wa mashamba alijikuta akianza upya, akiwa na kipaji chake na jina alilokuwa amelipata nyuma ya usukani.

Ni vigumu kupima jinsi pigo la namna hiyo linavyomwathiri kijana. Linalofahamika ni kwamba, Pasaka ilipofika mwaka 1973, Mehta alikuwa tayari tena katika mstari wa kuanzia. Safari hii mwelekezi wake alikuwa Lofty Drews, na gari lilikuwa Datsun 240Z.

Pasaka ya sare

Mwaka 1973 ulikuwa wa kwanza kwa ubingwa wa dunia wa mbio za ralli, na Safari ilikuwa mojawapo ya mbio zilizohesabiwa. Macho ya viwanda vya Ulaya na Japani yalikuwa Afrika Mashariki. Mwaka uliotangulia, Hannu Mikkola wa Finland akiwa na Ford Escort alikuwa ameuvunja ule usemi kwamba dereva kutoka ng'ambo hawezi kushinda Safari. Wenyeji walikuwa na deni la kulipiza.

Miongoni mwa wapinzani wakubwa wa Mehta alikuwa mtu wa kambi yake mwenyewe: Harry Källström wa Sweden, akisaidiwa na Claes Billstam, katika Datsun 1800 SSS. Gari hilo lilikuwa na injini ya silinda nne isiyofika hata lita mbili. Kwa hesabu ya karatasi, lisingepaswa kulisumbua lile la silinda sita.

Mbio zilifanyika kuanzia tarehe 19 hadi 23 Aprili. Hesabu za mwisho zilipofanywa, Mehta na Källström walikuwa na adhabu sawasawa, hakuna aliyemzidi mwenzake hata kwa dakika moja. Nyuma yao, katika nafasi ya tatu, alikuwa Ove Andersson wa Sweden akiwa na Peugeot 504.

Waandaaji walilazimika kurejea kanuni ya kuvunja sare. Kanuni hiyo ilimpa ushindi yule aliyesafiri umbali mrefu zaidi kabla ya kuanza kupata adhabu. Mtu huyo alikuwa Mehta.

Msomaji atafakari jambo hilo. Silinda mbili za ziada, kabureta tatu na farasi wengi zaidi havikumpa Mehta hata dakika moja ya faida mwishoni. Kama ushindi ungetegemea nguvu peke yake, asingelingana na injini ndogo. Kilichomtenga na mwenzake ni kwamba mwanzoni mwa safari, wakati gari bado zima na kishawishi cha kukimbia ovyo ni kikubwa, alikuwa ameendesha kwa usafi kwa muda mrefu zaidi.

Kwa kijana aliyekuwa amenyang'anywa nyumbani, ushindi huo ulikuwa zaidi ya kikombe. Tangu siku hiyo Wakenya walimhesabu kuwa wao. Na kwa injini ya silinda sita za mstari mmoja, huo ulikuwa ushindi wa mwisho wa Safari ndani ya ubingwa wa dunia.

Miaka minne ya utawala

Baada ya 1973 zamu ilikwenda kwa wengine. Joginder Singh, aliyeitwa Simba, ambaye alikuwa ameshinda mwaka 1965 kwa Volvo, alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Mehta aliendelea kushindana nyumbani na ng'ambo, akishinda na kushindwa, akijifunza.

Mwaka 1979 alirudi kileleni akiwa na Mike Doughty, mwelekezi wake wa mwaka 1971, katika Datsun 160J ya silinda nne. Aliyemfuata alikuwa Mikkola katika Mercedes-Benz 450 SLC, gari lenye injini ya silinda nane na ujazo wa lita tano. Mwaka 1980 Mehta alishinda tena, mbele ya Rauno Aaltonen, naye Vic Preston Mdogo akawa wa tatu kwa Mercedes. Mwaka 1981 na 1982 alishinda kwa Datsun Violet GT, na katika ushindi huo wa mwisho alimtangulia Walter Röhrl wa Ujerumani, aliyemaliza mwaka huo akiwa bingwa wa dunia.

Hapa tena somo ni lilelile. Injini isiyozidi lita mbili iliishinda ya lita tano, kwa sababu ilikuwa katika gari jepesi, lililozoeleka, lenye dereva aliyejua ni wapi pa kukanyaga na ni wapi pa kuachia. Mehta alisifika kwa kulitunza gari. Aliamini katika mwendo unaoweza kudumishwa, akawaachia wengine kuzivunja gari zao wakiwahi kituo cha kwanza.

Umaarufu wake haukuishia Kenya. Alishindana Ugiriki, Ivory Coast, Argentina na kwingineko, na mwaka 1981 alimaliza wa tano katika orodha ya ubingwa wa dunia wa madereva. Mkewe, Yvonne, naye alikuwa mwelekezi hodari, na waliketi pamoja garini katika mbio kadhaa.

Mwaka 1987, katika mbio za jangwani za Mafarao nchini Misri, Mehta alipata ajali mbaya iliyokatisha maisha yake ya udereva. Hakuuacha mchezo. Aliingia katika uongozi wa Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, na akafikia kuwa mwenyekiti wa tume yake ya mbio za ralli, akishughulikia sheria na usalama wa mchezo alioupenda.

Alifariki jijini London tarehe 12 Aprili 2006, akiwa na umri wa miaka 60. Safari ilikuwa imeondolewa katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, na hakuishi kuiona ikirejeshwa Naivasha mwaka 2021.

Somo kwa fundi wa leo

Tangu mwaka 2003 kumekuwa na mbio za East African Safari Classic, zinazoyarudisha barabarani magari ya zamani. Datsun za familia ya Z zimekuwa miongoni mwa magari yanayopendwa katika mbio hizo, na mafundi wamekuwa wakizifufua injini za silinda sita zilizokaa miaka mingi chini ya miti au ndani ya maghala.

Fundi anayetaka nguvu zaidi leo ana njia nyingi kuliko mafundi wa 1973. Injini za familia hiyohiyo zilizofuata zilikuwa kubwa zaidi: L26 yenye ujazo wa 2,565 na L28 yenye ujazo wa 2,753. Wengine huchukua bloki la L28, wakalipanua hadi kipenyo cha milimita 89, kisha wakatia kranki ya injini ya dizeli ya LD28 yenye mwendo wa milimita 83. Kwa njia hiyo hupata takriban lita 3.1 bila kubadili umbo la nje.

Lakini utaratibu wa kazi ni muhimu kuliko ukubwa. Kwanza bloki lipimwe na kusafishwa, na njia zote za oili zipulizwe mpaka ziwe wazi. Kuta za silinda zikiwa nyembamba kwa kutu au kwa kupanuliwa huko nyuma, zisipanuliwe tena. Pili, pistoni na konrodi zipimwe uzito na kulinganishwa, na kranki isawazishwe pamoja na gurudumu lake la nyuma. Injini ya silinda sita kwa asili ni tulivu, na ni kosa kuipotezea utulivu huo kwa uvivu wa mizani.

Tatu, puli ya mbele iwe nzima. Mpira wake ukizeeka na kukauka, kranki hubaki bila mlinzi. Nne, rejeta, pampu ya maji na kipozeo cha oili viimarishwe kabla ya kufikiria kabureta. Tano, chujio la hewa liwe la kweli. Kabureta tatu zenye midomo wazi hupendeza machoni, ila katika barabara ya vumbi ni njia ya mkato ya kuua ringi.

Baada ya hayo yote ndipo ifike zamu ya kamshafti, mgandamizo na kabureta, tena kwa kiasi kinacholingana na petroli inayopatikana njiani.

Wakazi wa kaskazini mashariki mwa Kenya hawahitaji kufundishwa hayo na dereva wa mashindano. Kwa miaka mingi, magari ya Toyota Land Cruiser yamekuwa tegemeo la wasafiri na wafanyabiashara katika njia za mchanga za Garissa, Wajir na Mandera, hadi vituo vya mbali kama Diff, karibu na mpaka wa Somalia. Injini yake mashuhuri ya dizeli aina ya 1HZ ni ya silinda sita kwenye mstari mmoja, kama ile ya Mehta.

Tofauti yake ni kwamba 1HZ ina ujazo wa sentimita za ujazo 4,164 lakini hutoa takriban farasi 130 tu. Mtu wa mjini anaweza kuicheka: karibu mara mbili ya ukubwa wa L24 ya mashindano, na nguvu chini ya theluthi mbili zake. Lakini anayesafiri Diff na mizigo juu na abiria nyuma, jua likiwaka na fundi akiwa mbali, hatafuti kasi. Anatafuta injini iliyobakiziwa akiba ya kutosha ili ifike na kurudi.

Kati ya injini hizo mbili, ya Diff na ya Safari, hakuna iliyo sahihi zaidi kuliko nyingine. Kila moja ilijengwa kwa barabara yake. Atakayekosea ni yule anayejenga injini bila kuijua barabara, akihesabu farasi karakanani na kusahau kilomita zinazomsubiri nje.

Mehta alizijua barabara zake. Alizijua kwa sababu alizipita tangu ujana, na kwa sababu maisha yalimfundisha mapema kwamba mtu anaweza kupoteza kila kitu alichorundika, akabaki na kile tu anachokijua. Mwaka 1973 alipewa injini yenye nguvu kuliko ya mwenzake, na hakuitumia yote. Kanuni ya sare ilipofunguliwa, ikamkuta yeye ndiye aliyekwenda mbali zaidi bila doa. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, naye alithibitisha kwamba methali hiyo haikutungwa kwa ajili ya watembeao kwa miguu peke yao.